Episodi ya kwanza ya Takagi-san na utani unaomwachia mwenzako nafasi ya kujibu

Watu wengi ukiwauliza kuhusu Karakai Jouzu no Takagi-san wanakujibu kwa sentensi moja tu, "ni ile ya binti anamchokoza jamaa darasani", halafu wanahamia kwenye anime nyingine, yaani katuni nyingine ya Kijapani. Sawa, ni ya binti anayemchokoza jamaa darasani, sikatai. Lakini uchokozi una namna nyingi, kuna wa kukuvunja moyo na kuna wa kukufanya usubiri kesho ifike, na episodi ya kwanza ya hii anime inaonyesha huu wa pili kwa ufundi ambao mimi sijauona kwenye anime nyingine ya mapenzi na vichekesho. Nimeirudia na nikairudia tena, na kila nikirudia naona kitu kipya, kwa hiyo leo naiongelea episodi hiyo moja tu, nyingine nitazigusa kwa mbali.

Kwa ambao hawajaicheki: ilianza kuonyeshwa Japani Januari 2018, sizoni ya kwanza ina episodi 12, studio ni Shin-Ei Animation, walewale wa Doraemon na Crayon Shin-chan, na mwongozaji ni Hiroaki Akagi. Imetokana na manga, yaani hadithi ya picha za kuchorwa, ya Soichiro Yamamoto iliyoanza mwaka 2013 ikamalizika 2023. Januari ile ilikuwa nzito sana kwa wapenzi wa anime, Violet Evergarden ilikuwepo, Darling in the FranXX ilikuwepo, Yuru Camp nayo ilikuwepo, yaani hadithi ya watoto wawili wa shule wanaotegeana mitego midogomidogo ilikuwa rahisi kabisa kupitwa, na wengi waliipita kweli.

Picha linaanza darasani. Nishikata yuko mwaka wa kwanza wa sekondari ya chini, kwa umri ni kama kidato cha kwanza kwetu, na dawati lake linapakana na la Takagi, yule binti mwenyewe. Huyu kijana amekuja shule na ajenda moja, leo lazima amlipize Takagi, leo lazima amshtue yeye, amwone mashavu yanamuiva kwa aibu. Sasa kabla hajafanya lolote, Takagi anaanza kuhangaika na kiboksi chake cha kalamu, hakifunguki, anavuta huku anavuta kule. Nishikata anamwangalia, roho inamsuta, anajitolea kumfungulia. Anafungua, kitu kinachomoka mle ndani, kijana anapiga yowe katikati ya kipindi, mwalimu anamkemea mbele ya darasa zima, na Takagi yuko pembeni hoi kwa kicheko.

Tulia kidogo hapo, kwa sababu hapa ndipo anime nzima ilipo. Nishikata amenaswa kwa sababu ni mwema. Angekuwa kijana wa roho mbaya, au hata kijana anayejali ugomvi wake tu, angemwacha mwenzake ahangaike na kiboksi chake na mtego ungekufa palepale. Takagi ametega akijua kabisa kwamba huyu mtu hata akiwa anapanga kulipiza kisasi, akiniona nimekwama atanisaidia. Mtu hawezi kutega mtego wa aina hii kwa mtu asiyemjua. Lazima uwe umemwangalia siku nyingi, ukajua anapindia wapi, halafu ukaamini kwamba wema wake hautakuangusha. Mimi nilipoona vile nikasema huyu binti hachezi na mtu wa kumpitishia muda.

Halafu unakuja ufutio. Takagi ana ufutio wa kawaida tu, ile raba ya kufutia penseli yenye kava la karatasi, na anamwambia Nishikata kwamba ameuandika jina la mtu anayempenda. Ni imani ya watoto wa shule wa Japani, unaandika jina la unayempenda kwenye ufutio, unauficha ndani ya kava lake, unautumia mpaka uishe bila mtu kuliona, na ukifaulu basi mapenzi yako yatatimia. Nishikata anajifanya hana habari. Lakini sisi tunasikia kichwani mwake, na kichwani mwake kuna kelele, ni nani, ni nani, atakuwa nani, na anajishawishi kwamba hataki kujua, anataka tu silaha, akilijua jina hilo atakuwa na kitu cha kumchokozea Takagi maisha yote. Anasubiri Takagi atoke. Takagi anatoka. Kijana anauchukua ufutio, anavua kava, anasoma, na palipotakiwa kuwa na jina la mvulana pameandikwa maneno ya kumwambia aangalie korido. Anageuza shingo. Takagi yuko koridoni anamtazama.

Nilicheka kwa sauti, lakini kilichobaki baada ya kicheko ndicho kinachonifanya niandike. Hebu fikiria kazi aliyoifanya huyu binti. Aliandika yale maneno mapema, labda nyumbani, labda jana yake. Akapanga aseme nini ili jamaa apandwe na hamu ya kujua. Akajua dakika gani atoke, akajua Nishikata atavumilia muda gani kabla uzalendo haujamshinda, akajua pa kusimama ili akigeuka tu wakutane macho. Mtu wa dharau hafanyi haya yote, mtu wa dharau anakurushia neno baya akiwa anapita na kesho hakumbuki. Huyu amekaa na daftari la mtu mmoja kichwani mwake. Na ufutio una pande mbili jamani, Nishikata amesoma mmoja tu, kapaniki, karudisha. Sisemi zaidi nisije nikakuharibia uhondo.

Kitu kinachofanya hii episodi ifanye kazi ni nani anasikika na nani hasikiki. Nishikata tunamsikia muda wote, kila wazo lake, kila hesabu yake, kila hofu. Takagi hatumsikii. Hatuingii kichwani mwake, tunabaki nje tukimwangalia uso, jinsi anavyoinamisha kichwa, jinsi anavyonyamaza sekunde moja kabla ya kujibu, jinsi kicheko chake kinavyotulia polepole kikageuka tabasamu la mtu aliyeridhika. Sasa hapo waandishi wametupa kazi. Nishikata ana habari zote za vita, ana mipango, ana mikakati, lakini hajui kama hiyo siyo vita. Sisi tunajua, na hakuna mtu katuambia, tumemsoma Takagi wenyewe. Kwenye anime nyingi za mapenzi unaambiwa kila kitu, msichana anakaa dirishani mvua inanyesha anawaza kwa sauti "moyo wangu unadunda", na wewe mtazamaji umebaki kupokea tu. Hapa unafanya upelelezi. Na kitu ulichokigundua mwenyewe unakishika kwa nguvu kuliko ulichopewa mkononi, ndiyo maana watu wakimaliza hii episodi wanakuwa kama wana siri.

Na anacheza na aibu ya Nishikata kwa akili sana, kwa sababu karibu kila uchokozi wa Takagi una ukweli ndani yake. Anaposema kuna mtu anampenda, hadanganyi. Yaani huyu binti anatembea na ukweli wake mdomoni kutwa nzima, anautoa, anauvisha nguo ya mzaha, na akishaona jamaa kapaniki anacheka na kuurudisha mfukoni. Utani umempa mahali pa kusemea jambo ambalo akilisema wazi na likakataliwa litamuumiza. Kwa umri wa miaka 12 au 13 sijui kama kuna njia bora zaidi ya hiyo ya kumwambia mtu unampenda.

Vipande vingine nitavipita haraka kidogo. Episodi imegawanywa vipande vifupi, kila kimoja dakika chache, kuna cha ufutio, kuna cha zamu, kuna cha kukunja sura ili mwenzako acheke wakati wa kipindi, na cha mwisho kinabeba jina la sarafu ya yen 100. Cha zamu nakipenda kwa sababu kinatumia utaratibu wa kweli wa shule za Japani, wanafunzi wanapokezana zamu ya siku, mara nyingi wawili wawili, wanafuta ubao, wanawaambia wenzao wasimame wamsalimie mwalimu, wanajaza daftari la darasa. Kwa mwalimu ni usafi na nidhamu. Kwa watoto wawili wa namna hii ni ruhusa halali ya kubaki darasani peke yao, na mwandishi ameiona hiyo nafasi akaitumia bila kulazimisha chochote. Hakuna ajali ya kuangukiana, hakuna nguo inayopeperuka, hakuna zile janjajanja za kumvuta mtazamaji wa kiume kwa macho, kuna daftari na chaki na watu wawili wanaopigana chenga. Ile ya sarafu ni nyepesi zaidi, nadhani imewekwa mwisho ili uondoke ukiwa umetulia.

Sasa sauti. Hapa ndipo nawaomba sana, icheki kwa Kijapani na usome maandishi chini. Nishikata ni Yuki Kaji, yaani huyohuyo aliyekuwa Eren kwenye Attack on Titan, ile sauti iliyokuwa inaapa kuwamaliza majitu yote mpaka la mwisho, leo inatetemeka kwa sababu msichana wa dawati la pembeni kamwangalia sekunde mbili zaidi. Na uzuri ni kwamba hajapunguza nguvu. Anapiga kelele za ndani kwa uzito uleule kana kwamba ule ukuta wa kuzuia majitu umevunjwa, na ndipo unapoelewa kwamba kwa mtoto wa umri ule jambo la ufutio ni zito kama ukuta kuvunjwa. Takagi ni Rie Takahashi, ambaye wengi tunamjua kama Megumin wa KonoSuba, yule wa kulipua vitu na kujisifu kwa sauti ya juu. Hapa kashusha sauti chini kabisa. Anaongea taratibu, karibu kama anamnong'oneza, na mwisho wa sentensi anaacha kicheko kidogo ambacho hakijatoka chote. Kelele zote kampa Kaji, yeye kabaki na utulivu, na kwenye utulivu ule kuna mtu ambaye moyo wake nao unaenda mbio, ukisikiliza vizuri utaona mara mojamoja pumzi inakatika kabla hajasema neno la uchokozi.

Kuna jambo moja la muziki ambalo ni la kijanja mno. Wimbo wa kufungulia umeimbwa na Yuiko Ohara, mzuri, mwepesi, unaingia kichwani. Lakini nyimbo za kufungia za sizoni ya kwanza ni nyimbo za mapenzi ambazo Wajapani walishazijua miaka mingi, zimerudiwa upya na Takahashi mwenyewe kwa sauti ya Takagi, na zinabadilika kadri episodi zinavyoenda. Kumbuka nilichosema, kwamba hatuingii kichwani mwa Takagi. Basi hapo mwisho, maandishi ya majina ya watengenezaji yakiwa yanapita, ndipo mahali pekee tunapomsikia akiongea ya moyoni, anaimba. Watu wengi wanabonyeza kuruka wimbo wa mwisho. Kwa hii msiruke kabisa.

Nitalinganisha na Nagatoro kwa sababu haikwepeki, kila mjadala wa anime za uchokozi unaishia hapo. Ijiranaide, Nagatoro-san ilitoka Aprili 2021, kutoka kwenye manga ya Nanashi, na episodi yake ya kwanza inaanza maktaba, kijana mkimya ambaye tunamjua kama Senpai, neno la Kijapani la kumwita aliyekutangulia shuleni, kurasa za manga aliyochora mwenyewe zinadondoka kutoka kwenye begi lake, mabinti wanaziokota wanazicheka, na mmoja wao, Nagatoro, anabaki naye na kuendelea kumsema mpaka machozi yanamtoka. Mimi pale nilisimamisha video. Sikuweza kuendelea siku ile, nilikasirika, kwa sababu kile kijana alichokidondosha ni kitu alichokitengeneza kwa siri kwa mapenzi yake yote, na mtu kakishika na kukigeuza fimbo ya kumchapia mwenyewe.

Nimeendelea nayo baadaye na nakiri Nagatoro inabadilika, binti anamsukuma Senpai ajitetee, anamlinda dhidi ya wengine, na jamaa anakua kweli. Kuna watu nawaheshimu wanaipenda kuliko Takagi na wana hoja zao. Lakini tunaongelea episodi ya kwanza na episodi ya kwanza, na hapo mimi nasimama upande mmoja bila kuyumba. Watu wanasema tofauti ni kwamba Takagi ni mpole na Nagatoro ni mkali. Siyo upole. Takagi siyo mpole, muulize Nishikata aliyekemewa mbele ya darasa. Tofauti ni kwamba Takagi anamwachia mwenzake nafasi ya kujibu. Anakubali mashindano yake yote. Nishikata akija na mpango wa hovyo kabisa, Takagi anausikiliza, anauheshimu kama mpango, anaingia mchezoni, na anashinda ndani ya sheria alizoziweka Nishikata mwenyewe. Na mwathirika akirudi kesho yake na mpango mwingine, maana yake hajavunjika. Senpai kwenye maktaba hana cha kujibu, yuko peke yake mbele ya kundi na mdomo umekauka. Nishikata ana kesho. Tena Takagi mitego yake anaitega kati ya watu wawili, hafanyi kampeni, haiti wasichana wenzake waje waone. Na kwenye episodi hii hamcheki sura yake, wala kwao, wala akili yake darasani, wala kitu anachokipenda. Anamcheka anavyoshtuka, basi.

Sisi tuliokulia kwenye utani hili tunalijua kabla hata hatujafundishwa. Bibi anamwita mjukuu wake mume wangu, anamdai matumizi, anamwambia mbona jana hukulala nyumbani, mtoto anakua akijua kujibu. Mtani anakuja msibani anafanya vituko na waliofiwa wanacheka huku wanalia, na hakuna anayekasirika kwa sababu kila mtu anajua zamu yake itafika na yeye atakuwa na haki hiyohiyo. Utani bila haki ya kujibu siyo utani, ni uonevu, na mzee yeyote angekuambia hivyo. Nadhani ndiyo maana hii anime ya watoto wa kisiwani Japani inatuingia haraka, nimewaonyesha hadi watu ambao hawaangalii anime kabisa, wakacheka palepale panapotakiwa bila kuelezwa kitu.

Nimesema kisiwani, kwa sababu mazingira siyo ya kubuni tu. Yamamoto anatoka Tonosho, kwenye kisiwa cha Shodoshima, mkoa wa Kagawa, kisiwa cha pili kwa ukubwa kwenye Bahari ya Ndani ya Seto baada ya Awaji. Ni kisiwa cha zeituni, zinalimwa pale toka 1908, na cha mchuzi wa soya na tambi nyembamba za somen. Episodi ya kwanza haikutajii jina la mahali, lakini ukitazama picha za nyuma utaona vilima, bahari, njia ambazo gari halionekani mara kwa mara, na watoto wanaotembea kurudi nyumbani bila haraka. Ule mwendo ndio unaoruhusu hadithi hii iwepo. Tokyo watoto hawa wangeachana stesheni ya treni kila mmoja na laini yake, lakini hapa njia ya kurudi ni ndefu na ni moja, na nusu ya mambo yao yanatokea njiani. Hata tamthilia na muvi ya waigizaji wa kweli zilizotoka 2024 zilipigwa palepale Shodoshima, na naona walifanya sawa, kisiwa ni mhusika.

Siyo kwamba haina kasoro. Kichwa cha Nishikata kinaongea mno. Kuna sehemu tumeshaona kwa macho kwamba kategwa, uso wa Takagi umeshatuambia, halafu sauti ya ndani inakuja kutueleza tena tulichokiona, na pale nilikuwa natamani wangetuamini. Wanafunzi wengine darasani bado ni kama samani, wapo tu, wanakuja kupata uhai baadaye. Na mchoro ni wa kawaida, vichwa vikubwa, rangi laini, hakuna sehemu utasimamisha useme aisee angalia hii animesheni. Hilo la mwisho halinisumbui kwa kweli, kwa sababu pesa na muda wao wameviweka kwenye macho na nyusi za Takagi, na ndipo palipohitaji.

Malalamiko makubwa ninayosikia ni kwamba hakuna kinachotokea. Watu wanataka kujua watapendana lini, watasemana lini, episodi ya kwanza imeisha na hakuna hata mkono ulioshikwa. Nadhani wanaisubiri habari ambayo siyo yake. Yamamoto alishaliweka wazi jibu kabla anime haijaanza, maana mwaka 2017 ilianza manga ya pembeni inayochorwa na Mifumi Inaba, ambayo Takagi na Nishikata ni watu wazima, wameoana na wana binti yao anaitwa Chi. Yaani anime inaanza Januari 2018 na mtu yeyote anayefuatilia alishajua hawa watu wataishia wapi. Kwa hiyo swali la kuoana limeondolewa mezani, na kilichobaki ni kuangalia jinsi mtu anavyojifunza polepole kwamba anapendwa. Ukilijua hilo kabla, episodi ya kwanza inabadilika rangi kabisa. Kila Takagi anapocheka unaona mke mtarajiwa anamsoma mume wake mtarajiwa, na yule kijana anayehesabu nimeshindwa tena, nimeshindwa tena, hajui kwamba anachokihesabu kama vipigo ndicho kitakuwa maisha yake.

Na mimi simwiti Nishikata mjinga, ingawa karibu kila mtu anamwita hivyo. Ni mtoto. Anachukulia kila kitu kwa moyo wote, hadanganyi vizuri, uso wake hauwezi kuficha jambo, akiahidi anatimiza, akiona mtu amekwama anasaidia hata kama mtu huyo ni adui yake wa siku hiyo. Takagi angeweza kukaa karibu na kijana mjanja mwenye maneno matamu na asingekuwa na la kufanya naye. Mchezo wote unaishi kwa sababu Nishikata ni mkweli, na nadhani Takagi alishaliona hilo mapema kuliko sisi.

Ukiipenda, kuna sizoni ya pili ya 2019, ya tatu ilianza Januari 2022, na muvi ya anime ikatoka Juni 2022. Zifuate kwa mpangilio. Najua kuna watu watataka kurukia muvi kwa sababu wamesikia kule mambo yanasogea, lakini yanasogea kwa hatua ndogo mno, na usipokuwa umekaa nao kwenye yale madawati tangu mwanzo hutaiona hata hatua yenyewe.